Nguo za Nyumba Shona Mwenyewe

Gauni la harusi mpe fundi, na suruali ya ofisini pia mpe fundi. Mwili wa binadamu una bega moja lililoshuka kuliko jingine na kiuno kinachobadilika baada ya kila Idi na kila Krismasi. Kuuvisha ukapendeza ni kazi ya mtu aliyekaa barazani na cherehani kwa miaka mingi. Dirisha halina kiuno, na mlango haunenepi. Vitu vya nyumbani karibu vyote ni vya pembe nne, kwa hiyo mtu anayeweza kushona mstari mmoja wa mita mbili bila kuyumba anaweza kuishonea nyumba yake mapazia, foronya, mashuka, vitambaa vya meza, na hatimaye mfarishi wa viraka wa kutandika kitandani.

Nakushauri uende kwa utaratibu huu: pazia la mlango, kisha la dirisha, kisha mito, na mwisho mfarishi, ambao ni afadhali ushonwe na watu kadhaa. Utaratibu huo unakupa mazoezi, lakini faida yake kubwa ni kwamba kila kazi inaiachia inayofuata mabaki ya kitambaa.

Kabla ya kukata

Cherehani yoyote inayoshona mshono ulionyooka inatosha. Ile nyeusi ya kukanyaga kwa miguu, iwe Singer ya bibi au Butterfly, inashona mstari vizuri kuliko nyingi za plastiki zilizojaa mishono ya mapambo, na umeme ukikatika kazi inaendelea. Itie mafuta yake yenyewe, si ya kupikia, maana ya kupikia huganda ndani ya vyuma na kunata. Fungua kile kibao cha chini ya sindano utoe vumbi la nyuzi. Sindano usingoje ivunjike ndipo ubadilishe. Namba 11 ni ya kitambaa chepesi, 14 ya khanga na kitenge, 16 ya kitambaa kizito cha mapazia, 18 ya jinzi na turubai.

Uzi ukijikusanya vitanzi upande wa chini wa kitambaa, wengi hulaumu bobini. Mara nyingi tatizo liko juu, kwenye visahani vinavyokaza uzi. Toa uzi wote, nyanyua mguu wa cherehani, kisha tunga upya ukiwa bado umenyanyuliwa. Mguu ukiwa chini visahani hivyo hufungana, na uzi unapita juu yake badala ya kupita katikati.

Utahitaji pia futi ya kamba, ubao au rula ndefu iliyonyooka, chaki ya fundi, pini, wembe wa kufumulia, na mkasi usiokata karatasi wala pakiti za maziwa. Tangaza sheria hiyo ya mkasi nyumbani mapema. Na pasi isikae mbali. Kila mshono unaoshona upige pasi kabla hujashona mwingine unaoukatiza, kwa kuibonyeza pasi na kuinyanyua, si kuiburuza. Pasi ndiyo inayotofautisha pazia linaloonekana la dukani na lile linaloonekana limeshonwa usiku. Kama ni ya mkaa, ipulize majivu nje kwanza, na ijaribu kwenye kipande cha pembeni. Poliesta huyeyuka ghafla, wala haikupi nafasi ya kujuta.

Pamba ifuliwe kabla ya kukatwa. Khanga na kitenge vipya vina wanga kutoka kiwandani, vikifuliwa vinalainika na kurudi, vingine kwa asilimia 3, vingine kwa 5. Ukishona kwanza ukafua baadaye, pazia lililokuwa likigusa sakafu litakuwa kama suruali ya mwanafunzi aliyerefuka. Rangi nyekundu na ya bluu iliyokolea ifue mara mbili tatu hadi maji yatoke meupe. Kuloweka kwenye chumvi ni mazoea ya wengi, lakini kitambaa kilichokwisha kutiwa rangi kiwandani hakitegemei chumvi yako. Kinachosaidia ni kufua na kusuuza.

Pazia la mlango

Anza hapa. Katika nyumba nyingi za pwani, na za bara pia, mlango wa chumba hukaa wazi mchana kutwa na pazia ndilo linalofanya kazi ya mlango. Ni kipande kimoja tu, hakina pacha wa kulingana naye, na likipinda kidogo hakuna atakayegundua kwa sababu watu wanapita nalo siku nzima.

Mlango wa chumba una upana wa sentimita 80 au 90. Kitenge kina upana wa sentimita 115 hivi, kwa hiyo upana mmoja wa kitenge unatosha bila kuungwa. Pazia la mlango lisijae mikunjo kama la dirisha, maana mtu aliyebeba ndoo au mtoto atajiviringisha humo. Urefu pima kutoka kwenye waya au bomba hadi sentimita 4 juu ya sakafu, lisifyonze maji ya deki. Ongeza sentimita 20 za pindo la chini, utakazozikunja mara mbili kwa 10, na za juu kutegemea unatundika wapi: kwa ule waya wa springi uliovishwa plastiki ongeza 4, kwa bomba ongeza 8. Pembeni huna haja ya kupinda kama ukingo wa kiwandani ni safi. Lakini kama una maandishi ya kiwanda, yakunje.

Pindo pana la sentimita 10 halipo kwa urembo tu. Upepo wa kusi ukiingia kwa nguvu, pazia lenye pindo jembamba linapaa hadi juu ya kabati. Kwenye kila pembe ya pindo unaweza kushonea ndani sarafu moja mbili za zamani ambazo hakuna duka linalozipokea. Na kwa kuwa watu wa nyumbani watalifunga fundo ili upepo upite, utake usitake, usichague kitambaa kinachoweka makunyanzi.

Wengine hupenda kutumia khanga. Khanga moja ina sentimita 150 kwa 110 hivi, fupi kwa mlango lakini nzuri kwa dirisha la jikoni. Usiikunje pindo pana chini, utaficha pindo lake lenyewe na pengine jina pia. Ipinde nyembamba, nusu sentimita mara mbili, na nafasi ya bomba uitoe juu. Na soma jina kabla ya kuitundika. Khanga uliyoinunua kwa ajili ya jirani mmoja, ikiwa pazia la sebuleni, itasomwa na wakwe zako.

Dirisha, na hesabu yake

Hapa ndipo watu wanapopoteza fedha, na wanazipotezea dukani kabla hawajagusa cherehani. Muuzaji atakuuliza, "Dirisha futi ngapi?" na wewe utataja upana wa dirisha. Usitaje. Pima bomba, siyo dirisha.

Chukua dirisha la sentimita 150. Bomba lipitilize sentimita 20 kila upande, ili pazia likifunguliwa lisimame ukutani na dirisha libaki wazi lote. Bomba sasa ni 190. Likae sentimita 10 hadi 15 juu ya fremu, chumba kitaonekana kirefu. Pazia linatakiwa liwe na upana mara mbili ya bomba ili liwe na mikunjo, yaani 380, na kwa kuwa ni mapazia mawili, kila moja litakuwa na 190 likishakamilika. Chini ya mara moja na nusu litaonekana kama shuka iliyoanikwa. Mara tatu ni ya kumbi za harusi.

Kutoka bomba hadi sakafuni tuseme ni 230. Pazia la ringi hupanda sentimita 3 juu ya bomba, na chini uliachie 1 lisiburuze, kwa hiyo urefu wake ni 232. Ongeza 12 za kichwa na 20 za pindo, unakata vipande vya 264.

Ukinunua kile kitambaa cha mapazia chenye upana wa sentimita 280, kazi ni ndogo. Kilaze ubavu, upana wake wa 280 uwe ndio urefu wa pazia, na ununue mita 4 tu: 380 za mapazia na 20 za kupinda pembeni. Hakuna mshono wa kuunga. Angalia tu kama maua yake yanaweza kulala ubavu bila kuchekesha.

Ukitaka kitenge, hesabu inabadilika. Kila pazia linahitaji sentimita 200 kabla ya kupinda pembeni, na upana mmoja wa kitenge haufiki huko, hivyo utaunga pande mbili. Mapazia mawili ni pande nne, kila moja 264, jumla mita 10.56. Kipande cha yadi 12 kina mita 10.97. Ukikifua kikarudi kwa asilimia 3, unabaki na mita 10.64. Kinatosha, lakini umebakiwa na sentimita 8 tu, na kama kitenge kina picha kubwa za ndege au feni zinazotakiwa kukutana kwenye mshono, hakitoshi. Kwa picha kubwa nunua zaidi, au chagua kitenge chenye nakshi ndogo usijisumbue. Kata pande zote zikielekea upande mmoja, usije ukawa na dirisha ambalo nusu ya ndege wake wamesimama kwa vichwa.

Panga kazi hivi. Unga pande mbili kwa mshono wa sentimita moja na nusu, ufungue mshono kwa pasi. Sasa una upana wa 220 hivi na unahitaji 200, kata ukanda wa 20 kwenye pande moja na uuweke kapuni, nitakuja kuuomba baadaye. Pande lililopunguzwa likae upande wa ukutani, mshono usionekane. Pinda pembeni mbili na nusu mara mbili. Kwa kichwa, kunja 2 kisha 10, na katikati ya mkunjo weka kitambaa kigumu kama kile cha ndani ya kola, ringi zipate pa kushika.

Ringi kila pazia ziwe shufwa. Zikiwa shufwa, kingo zote mbili zinaelekea ukutani. Zikiwa witiri, ukingo mmoja utachungulia sebuleni na utakuudhi kila unapokaa. Kwa upana wa 190 weka ringi 12: kitovu cha ya kwanza sentimita 7 kutoka ukingoni, na kutoka kitovu hadi kitovu 16. Chora duara kwa chaki, kata, bana vipande viwili vya ringi hadi vilie. Kama mkono unatetemeka, mafundi wa mapazia watakutobolea kwa malipo kidogo, na sioni aibu yoyote katika hilo.

Pindo la chini usilishone bado. Tundika pazia kwa siku mbili lizoee uzito wake, kisha weka pini likiwa limening'inia, maana sakafu za nyumba zetu si zote ziko sawa. Ndipo ulishushe ukashone.

Dirisha linalotazama magharibi lipe bitana. Marekani ya kawaida inatosha, upana upungue sentimita 5 na urefu 3 kuliko pazia, ikashonwe kichwani pamoja nalo. Jua litaunguza bitana badala ya kitenge. Ile shia nyepesi ya ndani inateleza sana chini ya mguu wa cherehani. Weka karatasi nyembamba chini yake, shona vyote viwili, kisha uichane karatasi.

Mito

Haraka tu, kwa sababu ni kazi ya jioni moja. Kwa mto wa sentimita 45, kata kitambaa cha 47 kwa 109. Pinda ncha mbili fupi, sentimita 2 kila moja kwa kukunja mara mbili. Kilaze uso juu, kunja ncha zote mbili zije katikati zipandiane sentimita 15 na upana ubaki 45. Shona juu na chini, geuza. Hakuna zipu wala vifungo, na kitenge kimoja cha upana wa 115 kinatoa foronya kwa kila ukanda wa sentimita 47. Kama unajaza sufi, ishonee kwanza mfuko wa ndani wa kitambaa kilichosokotana, la sivyo itapenya na kukaa kwenye nywele za wageni.

Kapu la mabaki

Sasa una kanda mbili za kitenge za 20 kwa 264, vipande vya bitana, na ncha za foronya. Tenga pamba na pamba, poliesta na poliesta. Viwili hivyo havirudi sawa wala havipendi pasi moja, na vikishonwa pamoja mshono utavuta. Fundi wa mtaani kwako huwa na mfuko wa mabaki chini ya meza ambao unamsumbua, mwombe. Mashati ya kiume ya mitumba ya pamba nayo ni mali: mgongo wa shati moja kubwa ni kitambaa kikubwa kisicho na mshono, kimefuliwa mara nyingi, hakitarudi tena wala kuchuja.

Mfarishi, na wenzako

Mfarishi ni tabaka tatu zilizoshonwa kuwa kitu kimoja: uso wa viraka, ujazo wa katikati, na bitana nyuma. Mtu mmoja anaweza kuushona peke yake, lakini ataumaliza mtoto akiwa ameshaingia darasa la kwanza.

Kuna jamii ambayo inafaa tuijue sisi wa upande huu wa bahari. Katika jimbo la Karnataka, India, wanaishi Wasiddi, wazao wa Waafrika waliopelekwa huko kwa karne nyingi kupitia biashara ya Bahari ya Hindi na Wareno wa Goa, wengi wao wakiwa watu wa Afrika Mashariki. Wanawake wao hushona mfarishi uitwao kawandi. Hawana cherehani wala fremu. Hutandaza sari kuukuu ya pamba iwe bitana, huanzia pembeni, na huweka kiraka kimoja baada ya kingine huku wakishona bandi kwa mkono kuzunguka kingo, wakielekea ndani hadi wafike katikati. Viraka na tabaka vinashonwa kwa mshono ule ule mmoja. Pembe nne humalizwa kwa vijitambaa vilivyokunjwa pembetatu, vinavyoitwa phula, yaani maua, na kawandi isiyo nayo huhesabiwa kuwa bado iko uchi. Kama mna nguo kuukuu, sindano na mkeka, na hamna cherehani, fanyeni hivyo: kila mtu akae upande wake wa kitambaa, mkutane katikati.

Huko Gee's Bend, Alabama, wanawake Wamarekani Weusi waliunda mifarishi kwa nguo za kazi zilizochakaa, na mwaka 1966 walikuwa miongoni mwa walioanzisha ushirika wa Freedom Quilting Bee. Ushirika huo ulipopata kazi ya kuishonea kampuni ya Sears foronya za kodrai, mabaki ya kodrai yaliingia kwenye mifarishi ya nyumbani. Baadaye mifarishi yao ilitundikwa kwenye makumbusho ya sanaa ya Houston na New York, mwaka 2002. Ukiitazama utaona mistari yake haikunyooka sana. Nakutajia hilo ili usimfumulie mwenzako mshono.

Kwa kikundi chenye cherehani moja au mbili, mimi napendekeza njia ya mkeka. Msusi hasuki mkeka wote kwa mkupuo. Anasuka ukili mwembamba mrefu, kila mtu kwake, kisha kili zinaungwa kwa sindano. Fanyeni vivyo hivyo. Muwe watano, kila mmoja ashone ukanda mmoja wa viraka saba, mkutane kuziunga kanda hizo tano.

Vipimo: kata kila kiraka sentimita 30 kwa 30, mshono uwe sentimita moja, kiraka kikishaungwa kitabaki 28. Kiraka kinaweza kuwa kitambaa kimoja au viwili. Wa 20 na wa 12 vikiungwa vinatoa 30 kamili, na ndiyo maana nilikwambia utunze ule ukanda wa pazia. Kanda tano zinatoa upana wa 140 na viraka saba urefu wa 196, saizi nzuri kwa kitanda cha futi tatu na nusu kwa sita.

Nimechagua vipimo hivyo kwa sababu ya bitana. Doti moja ya khanga, ikifuliwa na kuungwa kwa pande zake ndefu, inatoa kitambaa cha sentimita 146 hivi kwa 212. Mnaipunguza urefu, na inabaki na sentimita 3 za ziada kila upande wa uso, zinazotosha kukunjwa kuja mbele na kufunga kingo zote. Hamhitaji kununua kitu kingine. Jina la khanga litasomeka upande wa nyuma, chagueni la kuombea heri.

Kabla hamjatawanyika, kateni vielelezo vitano vya kadibodi kutoka kwenye kielelezo kimoja, siyo kila mtu akanakili cha jirani yake. Wekeni alama ya selotepu kwenye kila cherehani, sentimita moja kutoka kwenye sindano. Hilo linaonekana dogo. Lakini mtu akishona kwa upungufu wa milimita 2 kila upande wa mshono, kila muungo una kosa la milimita 4, na ukanda wa viraka saba una miungo sita. Ukanda wake utapishana na wa wenzake kwa karibu sentimita mbili na nusu, na kila mtu atasema tatizo ni la yule mwingine.

Kuhusu rangi, kubalianeni jambo moja tu: rangi moja itakayoonekana kwenye kila ukanda, tuseme nyeusi au bluu ya kaniki. Mengine kila mtu na jicho lake. Vikundi vinavyopanga kila kiraka kabla ya kukata hutumia mwezi mzima kubishana na huishia na mfarishi unaofanana na wa dukani.

Siku ya kukutana, ungeni kanda, pigeni pasi, sawazisheni kingo hadi 140 kwa 196. Fagieni sakafu vizuri. Tandazeni bitana uso chini, ibandikeni kwa selotepu iwe imekaza kidogo, wekeni ujazo, kisha uso. Ujazo unategemea mnakaa wapi. Dar es Salaam, Tanga au Mombasa shuka kuukuu ya pamba inatosha kabisa, na wengine huacha tabaka mbili tu. Njombe, Lushoto au Limuru wekeni blanketi jepesi lililozeeka. Kumbukeni lakini kwamba kitu hiki kitafuliwa kwa mkono, na blanketi likishiba maji ni mzigo wa watu wawili.

Pigeni bandi ndefu ndefu kutoka katikati kwenda nje, kama miale, tabaka zisiteleze. Kisha mshono wenyewe. Hapa, tofauti na kawandi, mnaanzia katikati, kwa sababu uso umeshaungwa na ulegevu wowote lazima usukumwe nje kuelekea kingo. Kwa cherehani fuateni mistari ya miungo, mkiuviringisha mfarishi upite chini ya mkono wa mashine. Kwa sindano ya mkono, vaeni subana kwenye kidole cha kati, uzi usizidi urefu wa mkono mmoja, na mishono iwe nusu sentimita au chini. Ikiwa mikubwa kwa mmoja na midogo kwa mwingine, iacheni. Mistari isiachane zaidi ya kiganja kimoja, la sivyo ujazo utajikusanya ukifuliwa.

Mwisho kunjeni ukingo wa bitana, moja na nusu ndani na moja na nusu juu ya uso, mshone. Kwenye pembe moja ya nyuma darizini majina ya walioshona na mwaka.

Suala la nani anauchukua limalizwe kabla ya kiraka cha kwanza. Njia iliyozoeleka kwetu ni ya upatu: mnashona mitano, kila mzunguko wa mmoja, na anayepokea ndiye anayetoa doti ya bitana, uzi na chai ya siku ya kuunga. Aliyejifungua au anayeoza binti anaweza kuomba zamu yake isogezwe mbele, kama inavyofanyika kwenye fedha. Anayejiunga aseme mapema kama mfarishi wake ni wa kitandani au wa kupeleka kitchen party, kwa sababu wa zawadi una tarehe na wa kitandani hauna. Na asiyejua kushona kabisa asikataliwe. Kukata kwa kielelezo, kupiga pasi na kutunga sindano za wenye macho mazito ni kazi zinazochukua muda kuliko mshono wenyewe.

Mfarishi ukichafuka ufuliwe kwa maji ya baridi na sabuni kidogo, usisuguliwe kwenye jiwe. Usikamuliwe kwa kuupopotoa. Watu wawili waukunje na kuukandamiza maji yatoke, kisha utandazwe kivulini juu ya kamba mbili tatu ili uzito ugawanyike. Kamba moja itauvuta katikati na kukata nyuzi.